Saa Hiyo Ilikuwa ya Nani? Hotuba kwa Wazazi Kuhusu Watoto na Skrini

Hotuba hii niliitoa Jumamosi kwenye kikao cha wazazi wa shule yetu, hapa Morogoro. Wengi walikuwa shambani, sokoni au zamu kazini, wakaomba wasomewe. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Assalaam aleikum. Na wakubwa wangu wote mliomo humu, shikamooni.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi, walezi, na nyinyi mabibi mliokuja kwa niaba ya watoto wenu walioko Dar: asanteni kwa kufika. Najua Jumamosi ina nguo za kufua.

Mada nimepewa na Mwalimu Mkuu, tena kanitumia kwa WhatsApp: "Madhara ya skrini kwa watoto." Basi tusianze kwa unafiki. Sitawaomba mzime simu, maana wengine mna wateja wanaosubiri jibu. Wala sikuja kuwaambia mkazitupe. Simu ndiyo benki yetu, ndiyo duka letu, ndiyo barua yetu. Nikisema simu ni shetani mtaitikia amina humu ndani, na mkifika getini mtaiwasha.

Nimekuja na swali moja. Mtoto akikaa saa nzima mbele ya kioo, kiwe cha runinga, kiwe cha simu ya mama, kiwe cha kishikwambi alicholetewa na mjomba, saa ile haikutoka hewani. Siku yake ina saa 24 kama yetu. Saa ile kabla haijawa ya katuni ilikuwa na mwenyewe. Swali langu ni hilo: saa hiyo ilikuwa ya nani?

Lishikeni. Nitalirudia mpaka mlichoke.

Wazee wangu mnapenda kusema, "Sisi tulikua bila TV na tuko salama." Ni kweli, Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Waliokulia Unguja msitucheke, nyinyi mlikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Lakini wengi humu mnakumbuka TV ya kwanza mtaani kwenu. Nyumba moja inayo, watoto wote wa mtaa wako dirishani, mwenye nyumba akichoka na kelele anavuta pazia. Hata asipovuta, kipindi kinaisha. Inaingia taarifa ya habari, watoto tunatawanyika wenyewe, kwa sababu taarifa ya habari haina mtoto. Usiku unapigwa wimbo wa taifa, kioo kinabaki chenga tupu.

Sasa niambieni: katuni ya kwenye simu inaisha saa ngapi? Haiishi. Moja ikimalizika, nyingine inaanza yenyewe kabla mtoto hajapepesa jicho. Na nyinyi mnaosogeza kidole TikTok, nani kati yenu amewahi kufika chini? Hakuna chini. Zamani kurasa za intaneti zilikuwa na mwisho, unabonyeza ndipo upate ukurasa wa pili. Mwaka 2006 fundi mmoja wa programu wa Marekani, Aza Raskin, akabuni ukurasa unaojiongeza wenyewe bila kikomo. Miaka baadaye alisema hadharani kwamba anajuta. Kitu kilichoundwa kisiishe kinamshinda mtu mzima mwenye akili zake na marejesho ya vikoba. Sisi tunamkabidhi mtoto wa miaka mitatu, halafu tunalalamika, "Huyu mtoto hana adabu, ukimnyang'anya simu anagaragara." Atagaragara! Wewe ukinyang'anywa unacheka?

Nianze na lugha, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo ninapofanyia kazi.

Kila Januari napokea watoto wapya wa darasa la awali. Miaka ya karibuni yuko mtoto wa aina fulani anayekuja. Simsemi mtu, wanatoka nyumba nyingi. Anajua rangi zote kwa Kiingereza. Anahesabu mpaka ishirini kwa Kiingereza, tena kwa lafudhi ya hukohuko. Nyimbo anazo. Mzazi anamleta kifua mbele. Namwambia, "Karibu mwanangu. Asubuhi umekunywa chai na nini?" Kimya. "Umekuja na nani?" Kimya. Ananitazama usoni, ametulia, anangoja niendelee. Kwake mimi ni katuni nyingine. Hajui kwamba zamu ya kusema imefika kwake.

Hili si la Morogoro peke yake. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walichapisha jaribio ambalo mimi huwa nawasimulia walimu wapya wote. Walichukua watoto wa miezi tisa kutoka nyumba zinazozungumza Kiingereza. Wakatafuta watu wanaozungumza Kichina. Kundi moja la watoto lilikaa na watu hao sakafuni, wanawasomea vitabu, wanacheza nao vidoli, wanasema nao Kichina. Vipindi kumi na viwili, kila kimoja kama dakika 25. Kundi jingine likapata watu walewale, vitabu vilevile, vidoli vilevile, muda uleule, ila kwenye televisheni. Mwisho wakawapima: je, wanaweza kutofautisha sauti za Kichina ambazo Kiingereza hakina?

Waliokaa na mtu waliweza, tena sawasawa na watoto waliokulia Taiwan kwenye Kichina chenyewe. Na waliotazama televisheni? Walikuwa sawa na watoto ambao hawakusikia Kichina hata kidogo. Sauti ileile, uso uleule, maneno yaleyale, na hakuna kilichobaki.

Masikio yalikuwepo. Kilichokosekana ni nini? Bibi zangu mlioko mbele, mnakijua. Ngojeni niwaonyeshe. Kitendawili!

(Ukumbi: Tega!)

Mmeona? Mmeitika kabla hamjafikiri. Ningesema "kitendawili" nikaunganisha hapohapo na jibu, bila kungoja "tega", mngeniona nina wazimu. Na mkishindwa sitoboi siri bure, mnanipa mji kwanza. Paukwa?

(Ukumbi: Pakawa!)

Hadithi yetu haianzi mpaka msikilizaji aitikie. Waliotuwekea utaratibu huo hawakuwa na maabara, lakini walijua kwamba mtoto hajifunzi kusema kwa kusikia tu. Anajifunza kwa kuitikiwa. Amesema "ba", umesema "baba? Baba ameenda kazini", amecheka, umecheka. Katuni haingoji. Inauliza, "Mpira uko wapi?" inakaa kimya sekunde mbili, halafu inapiga makofi: "Vizuri sana!" Hata mtoto akiwa amesinzia na kidole mdomoni, inampongeza.

Mwaka 2024 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya kazi yao. Watoto wa familia zaidi ya mia mbili walivishwa kifaa kidogo kinachorekodi na kuhesabu maneno yanayosemwa nyumbani. Walipofika miaka mitatu, kila dakika moja ya skrini iliendana na upungufu wa maneno kama 7 kutoka kwa watu wazima, sauti kama 5 za mtoto mwenyewe, na mazungumzo ya kupokezana pungufu moja. Dakika moja, jamani! Mwenye hesabu azidishe kwa saa mbili: karibu maneno mia nane kwa siku ambayo mtoto hakuambiwa. Hakutukanwa, hakupigwa. Hakuambiwa tu.

Na ile TV inayowaka sebuleni toka asubuhi "kuchangamsha nyumba", haitazamwi na mtu? Nayo imo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 ulikuta kwamba kwa kila saa ambayo TV inasikika nyumbani, mtoto anasikia maneno ya watu wazima pungufu kama 770. Watu hawaongei na TV inaongea. Ndivyo tulivyo.

Kwa hiyo saa hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mama anayepika na kusema, "Nipe mwiko. Si huo, ule mrefu. Uko nyuma ya ndoo." Ilikuwa ya babu anayeuliza swali lilelile kila siku. Ilikuwa ya dada anayechambua mchele na kuhadithia habari za kijijini kwao. Hilo ndilo somo la lugha, halina ada.

Niweke neno hapa ili nisieleweke vibaya. Iko sauti inayozunguka kwenye magrupu inayosema simu inasababisha usonji, yaani autism. Hakuna ushahidi uliothibitisha hivyo, na wazazi wenye watoto wenye usonji wanabeba mzigo mkubwa tayari, msiwaongezee lawama. Mtoto wako akifika miaka miwili hasemi, usiishie kuficha simu. Mpeleke hospitali apimwe masikio kwanza. Nimewahi kuwa na watoto walioitwa wakaidi kumbe hawasikii.

Namwona mama pale ana swali usoni. "Mwalimu, mbona katuni nyingine zinafundisha?" Zinafundisha, na ushahidi umetoka hapahapa kwetu. Taasisi ya Ubongo ya Dar es Salaam inatengeneza katuni ya watoto wa awali inayoitwa Akili and Me. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa watoto wa Morogoro, ukiongozwa na Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland. Waliotazama katuni hiyo kwa wiki kadhaa walifanya vizuri zaidi kwenye mambo kama hesabu na maumbo kuliko waliotazama vipindi vingine. Nafurahi kusema hivyo. Lakini angalieni ni watoto gani: wa umri wa awali, si wachanga. Na angalieni ni katuni gani: imetungwa na watu wanaokijua Kiswahili cha mtoto wetu, kwa kusudi la kumfundisha. Si kila chenye rangi nyekundu na njano kinafundisha.

Vivyo hivyo simu ya video. Shangazi yuko Muscat, baba yuko mgodini Geita, mtoto anamwona na anaongea naye. Madaktari wa watoto wa Marekani, walioshauri mwaka 2016 mtoto asipewe skrini kabla ya miezi 18, waliiacha simu ya video nje ya katazo. Kwa nini? Shangazi anajibu.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo wake mwaka 2019. Chini ya mwaka mmoja, hapana kabisa. Mwenye mwaka mmoja, bado haishauriwi. Kuanzia miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni heri zaidi. Andikeni hayo kwenye mkono, ndiyo namba pekee ninazotaka mwondoke nazo.

Sasa twende usiku.

Mwongozo uleule unasema mtoto wa miaka mitatu au minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wangapi mnawaamsha saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi shule? Naona mikono. Basi rudini nyuma saa kumi. Mmefika saa ngapi? Saa moja na nusu usiku. Mtoto awe ameshalala! Taarifa ya habari ya saa mbili bado haijaanza. Na baada ya habari zinakuja tamthilia za Kituruki zinazoongea Kiswahili, mama hataki kukosa hata neno, na mtoto yuko pale anasubiri kujua kama yule bwana atamwoa yule binti.

Siwacheki. Najua wengi tunaishi chumba kimoja, TV iko miguuni pa kitanda. Mtoto halali kwa sababu hana pa kulala pasipo na Waturuki. Hilo ni la kipato, si la malezi, na anayetoa nasaha bila kujua hilo hatufai. Lakini hata chumba kimoja kina khanga ya kutundika, na TV ina kitufe cha sauti.

Kwa nini mwanga una shida? Giza likiingia, ubongo unaanza kutoa homoni inayoitwa melatonini, ndiyo inayouambia mwili kwamba usiku umefika. Mwanga unaizuia. Na jicho la mtoto mdogo linapitisha mwanga mwingi kuliko letu, maana lenzi yake bado ni safi na mboni yake inafunguka zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Colorado, Marekani, walichapisha jaribio la watoto wachache wa umri wa awali. Waliwachezesha kwenye meza yenye taa kali kwa saa moja kabla ya kulala. Melatonini ilishuka kwa karibu asilimia 90, na hata karibu saa nzima baada ya taa kuzimwa ilikuwa bado chini kwa wengi wao. Ilikuwa taa kali, si simu, nisiwatishe kupita kiasi. Lakini simu inashikwa sentimita ngapi kutoka usoni? Na inaleta jambo la pili ambalo taa haina: inasisimua. Mtoto anayekimbizwa na dubwana kwenye gemu saa tatu usiku hatalala saa tatu na dakika tano.

Mimi Jumatatu asubuhi nazitambua nyumba zilizoweka bando la wikiendi. Wanalala juu ya madaftari. Na usingizi si kupumzika tu, usiku ndipo ubongo unapoyapanga yale niliyomfundisha mchana. Kwa hiyo saa hiyo ilikuwa ya nani? Nusu ilikuwa yangu, wazazi wenzangu. Mmeniibia.

Kuhusu jua na macho nitasema kidogo, lakini lina kisa kizuri.

Watu wanasema mwanga wa simu "unaunguza" macho. Si hivyo hasa. Tatizo wanalopigana nalo China, Taiwan, Singapore na Korea Kusini ni kutoona mbali. Katika miji mingi ya huko, vijana wanaomaliza sekondari na kuona mbali vibaya ni asilimia 80 au zaidi. Jicho lenyewe linarefuka kuliko inavyotakiwa. Kukaa na kitu karibu kwa muda mrefu kumo katika lawama, kiwe simu au kitabu. Lakini watafiti waligundua kwamba kinachokinga zaidi ni kitu kisichouzwa: mwanga wa nje. Mwanga mkali wa mchana unafanya jicho litoe kemikali ya dopamini, na dopamini hiyo inalizuia kurefuka ovyo.

Guangzhou, China, walifanya jaribio katika shule kumi na mbili. Nusu ya shule ziliongezewa kipindi cha dakika 40 za nje kila siku, nusu ziliendelea kama kawaida. Miaka mitatu ikapita, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Katika shule za kawaida, watoto waliopata tatizo walikuwa asilimia 39.5. Katika zile za kutoka nje, asilimia 30.4. Dakika arobaini tu! Hawakupewa dawa wala miwani.

Na sisi je? Jua la Morogoro mnalilalamikia kila siku. Tunalo mpaka tunalikimbia. Halafu tunamfungia mtoto ndani na kishikwambi, tunasema "ametulia".

Najua sababu zenu. Bodaboda hazina breki, mtaa una watu wasioeleweka, uwanja tuliochezea sisi rede sasa una fremu za maduka. Ni hofu za kweli. Lakini fikirini kinachopotea zaidi ya macho. Kwenye kombolela kuna kesi. "Hujahesabu mpaka mwisho!" "Umechungulia!" "Mimi sichezi tena!" Kisha baada ya dakika mbili anarudi, kwa sababu peke yake hakunogi. Hapo mtoto amejifunza kudai haki, kukubali kushindwa, kusamehe na kuvumilia mtu mkorofi. Kwenye gemu akishindwa anabonyeza kuanza upya. Ofisini kwako, unakofanya kazi na yule bwana unayemjua mwenyewe, kuna kitufe cha kuanza upya?

Sasa nije kwetu. Najua hapa baadhi yenu mtainamia simu, na itakuwa vizuri, maana mtanisaidia mfano.

Miaka ya sabini huko Marekani, mwanasaikolojia Edward Tronick alifanya jaribio rahisi sana. Mama anakaa mbele ya mtoto wake wa miezi michache, wanacheza kama kawaida. Kisha mama anaambiwa: geuza uso pembeni, ukirudi mtazame mwanao, lakini uso wako usiwe na chochote. Usitabasamu, usikunje, usijibu. Dakika mbili au tatu tu.

Mtoto anagundua hapohapo. Anatabasamu, tabasamu lile ambalo daima humletea mama. Halijibiwi. Ananyoosha kidole. Anatupa mikono mbele. Anapiga ukelele. Anajaribu kila alichonacho mfukoni mwake. Halafu anageuza uso pembeni, mwili unalegea, na wengine wanaanza kulia. Mama hajaondoka, yuko palepale, mbele yake kabisa.

Nendeni kliniki siku ya kupima uzito, mkae kwenye benchi, mtazame tu. Nendeni kituo cha daladala Msamvu. Uso wa mtu anayesoma simu ukoje? Umetulia, hauna kitu, macho yameshuka. Mtoto yuko mapajani anapapasa kidevu cha mama. Na akina baba msijifiche nyuma ya akina mama kwenye jambo hili, nyinyi ndio mnaotazama marudio ya magoli wakati wa kula. Tunahesabu saa za skrini za mtoto, nani anahesabu zetu? Saa hiyo ilikuwa ya nani? Hapa hatuna pa kukimbilia, ilikuwa yake.

Baba mmoja, dereva wa bodaboda, alinijia mwaka jana. Mwanawe alikuwa miongoni mwa wale wangu wa kimya. Akasema, "Mwalimu, nikirudi nimechoka. Namwachia simu, tupumzike wote." Nikamwelewa, kwa sababu mimi pia narudi nimechoka. Sikumwambia anunue vitabu wala atenge "muda maalumu", maneno ya semina hayo. Nikamwuliza jioni huwa anafanya nini. Akasema anasafisha pikipiki. Nikamwambia, basi safisha naye, na kila unachoshika kitaje.

Haikuwa muujiza. Mtoto aliendelea kuwa mpole, na mpaka leo si msemaji. Lakini asubuhi moja, kabla sijafungua mdomo, alikuja mezani kwangu akasema, "Plagi ya baba imekufa. Baba ameweka mpya. Mimi ndiyo nilishika spana." Sentensi tatu, mfululizo. Kiingereza chake cha rangi sikijui kimeishia wapi.

Wenye watoto wakubwa, wa darasa la sita na la saba, mmenyamaza mkidhani hamjaguswa. Kwa umri huo wanasayansi wenyewe wanabishana. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford walichambua takwimu za vijana wengi sana, wakakuta uhusiano kati ya matumizi ya teknolojia na hali njema ya kijana ni mdogo mno, haufiki nusu ya asilimia moja ya tofauti zote. Wengine hawakubaliani nao. Australia haikungoja ugomvi uishe, tangu Desemba 2025 imezuia mitandao ya kijamii kwa walio chini ya miaka 16. Mimi kwa wakubwa siogopi saa nyingi kama ninavyoogopa ni nani yuko upande wa pili wa kioo. Anayemwomba binti picha. Anayemfundisha kijana kubeti kwa laini ya mama. Mwambieni mtoto jambo moja, tena mapema: likitokea la kutisha, njoo uniambie na sitakunyang'anya simu. Wengi wananyamaza kwa kuogopa kunyang'anywa simu kuliko kuogopa yule mtu. Na namba ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo.

Namalizia na la kwetu sisi walimu, Mwalimu Mkuu anisamehe. Tunawaita hapa kuwaambia mpunguze simu, na kila jioni tunatuma kazi za nyumbani kwenye grupu la WhatsApp. Mtoto wa la kwanza anaomba simu ya mama "afanye homuweki", na mama hawezi kukataa. Anaandika mistari mitano, anabaki na simu saa mbili. Saa hizo mbili tumezichukua sisi, kwa mkono wetu.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, naleta hoja mbili, na naomba ziingie kwenye muhtasari. Ya kwanza: kuanzia awali mpaka darasa la tatu, kazi zote za nyumbani ziandikwe kwenye daftari, grupu libaki la matangazo. Walimu wa madarasa hayo tumeshakubaliana, tunangoja ruhusa. Ya pili: uwanja wa shule ubaki wazi kwa watoto mpaka saa kumi na moja jioni, siku za kazi, na wazazi wawili wawili washike zamu ya kukaa pale chini ya mwembe. Zamu ya Jumatatu nimejiandikisha mimi, nafasi moja imebaki, na karatasi iko kwa katibu.

Naomba zijadiliwe kabla ya chai, Mwenyekiti. Baada ya chai akina baba huwa hawaonekani.